Daftari la Zamu

Maji ya Sabaki mwezi huu yanafika magotini
na bomba la pampu linanyonya mchanga, linakohoa.
Dizeli ni lita kumi na mbili kwa siku,
mashamba ni thelathini na moja,
na mimi ndiye niliyekabidhiwa daftari
kwa sababu, walisema kwenye mkutano pale Jilore,
mwandiko wangu unasomeka na sina rafiki.

La pili si kweli. Nina wewe.

Ulinikuta jikoni napiga hesabu nyuma ya pakiti ya unga,
ukauliza: zamu yetu lini?
Nikakwambia, Jumatano ijayo.
Ukahesabu kwa vidole, ukarudia, ukanyamaza
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na mwenye duka ni shemeji yake.

Mahindi yetu yako magotini, Kitsao.
Ya magotini huvumilia:
ukiyanyima maji, yanatuma mizizi chini kuuliza.
Lakini ya Umazi yametoa mbelewele juzi,
ndevu zinachungulia, laini, bado za kijani,
na ndevu zikikauka kabla unga wa mbelewele haujashuka
gunzi litazaliwa na mapengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili.
Siku hizo kumi hazikopeshwi.
Mvua ije baadaye ifurike, ni kuosha maiti.

Ya Ngumbao yamekomaa, maganda yana rangi ya karatasi,
naye bado anadai zamu kwa kuwa alichanga.
Nilimmenyea hindi moja, nikang'oa punje,
nikamwonyesha doa jeusi kwenye kitako chake.
Mlango umefungwa hapa, nikamwambia,
hata ukimwaga mto mzima.
Akauliza nimesomea wapi.
Hapa hapa, nikasema, msimu uliopita,
nilipoyanywesha yaliyoshiba, yenye kiu yakafa.

Nawe ukanivuta saa saba mchana:
tazama, majani yetu yamejikunja kama mkeka!
Saa saba, mume wangu, hata mimi hujikunja.
Njoo uyatazame alfajiri.
Jani likiamka limenyooka, lilikuwa linakwepa jua tu.
Likiamka limejikunja, hapo nipigie kelele.

Usiku wa Jumapili nikasikia mfereji unasemea upande usio wake.
Maji yana sauti; anayeyagawa huijua.
Nikatoka na tochi, matope kifundoni,
kwa Umazi kimya,
nikaufuata mkondo hadi kwenye lango la bati,
na jembe lililoliinua bati nikalitambua kabla sijakuona:
mpini wake niliufunga mimi, kwa mpira wa baiskeli.

Hukusema kitu. Nami sikusema.
Nikashusha bati.

Asubuhi, pale kwenye pampu, mbele ya wote,
nikaandika jina lako kwa kalamu ileile ya buluu:
Kitsao. Maji ya wizi. Dakika arobaini, kwa kukisia.
Siku mbili za kuzibua mfereji.
Dakika arobaini nikazikata kwenye Jumatano yetu,
nikampa Umazi.
Mkono ulitetemeka kwenye K, ndiyo maana ina mikia miwili.
Ngumbao alicheka.
Umazi alijifunga leso upya, ingawa haikuwa imelegea.

Tangu hapo unakula umenipa mgongo.
Chai unakunywa. Sukari ukiikosa, huulizi.

Leo umetoka mferejini, tope limekukaukia hadi magotini,
na naona ulipitia shambani kwetu kwanza,
maana umesimama mlangoni ngumi umeifumba.
Ukaja ukaifumbua juu ya daftari langu.
Donge la udongo, la chini, si la juu juu:
alama za vidole vyako vinne zimebaki,
wala halikumeguka.

Bado, ukasema.

Nikaandika: bado siku mbili.
Nikaliacha donge palepale, likalowesha ukurasa.